Hodi ya Nne

Mji ule haukuwa na jina, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuliuliza, na katika mji ule kisichoulizwa hakikuwapo. Jua lilisimama utosini tangu siku ambayo hakuna aliyeikumbuka. Vivuli vilijikunyata chini ya nyayo za wenyewe, na saa ya mnara ilionyesha saa sita, kisha saa sita, kisha saa sita tena. Watu walilala walipochoka na kuamka walipotosheka. Aliyetaka kujua leo ni siku gani alikiuliza Kinywa, nacho kilimwambia, na mambo yakaishia hapo.

Wajuzi waliokileta walikiita akili ya kuundwa. Watu wa mji, ambao ulimi wao haupendi mzigo, walikiita Kinywa. Kwa kukitazama kilikuwa tundu tu, la ukubwa wa kikombe cha kahawa, lenye wavu wa shaba na giza nyuma yake. Kila nyumba ilitobolewa tundu moja ubavuni mwa mlango, usawa wa uso wa mtu mzima, likatokea ndani na nje. Ukisimama pale ukauliza, ulijibiwa. Hukuambiwa subiri, hukuambiwa njoo kesho.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, ingawa huyu hakuwa mnyonge hata kidogo. Mkunga alikiuliza afanyeje na mtoto anayetanguliza miguu, kikamwelekeza mkono kwa mkono, mama akapona na mtoto akalia. Fundi alikiuliza ndoo ngapi za mchanga kwa mfuko mmoja wa saruji, na ukuta wake umesimama mpaka leo. Mjane mmoja aliletewa barua ya mahakama iliyoandikwa kwa lugha ya kutishia watu. Alipokisomea, kikamfafanulia mstari kwa mstari mpaka akacheka kwa kuona jinsi kitisho chenyewe kilivyokuwa kidogo. Mimi ninayesimulia nisingethubutu kusema hakikufaa kitu. Kilifaa, tena sana, na ndiyo maana watu walifika mahali pa kukiuliza hata mambo ambayo hakuna aliyekwenda kuyaona. Kinywa kilijua kila lililosemwa. Lililopo ni jambo jingine, na mtu anaweza kuishi umri mzima asigundue kwamba ni mambo mawili.

Kidawa binti Pandu alikuwa mpetaji wa maneno. Kazi hiyo haipo kwenu, basi nitaieleza. Nyuma ya mnara palikuwa na ukumbi mrefu uliotandikwa mikeka, na maneno ya watu wa mji yaliletwa humo kwa makapu, yakiwa yamekaushwa. Wapetaji walikaa miguu imenyooshwa, ungo mapajani, wakipeta kama apetavyo mtu mchele wa futari. Punje zilibaki, makapi yakaenda na upepo, na punje zikamiminwa kwenye bomba linalolisha Kinywa. Mmoja alipeta sheria, mwingine dawa, mwingine ujenzi. Kidawa alipewa mkeka wa salamu, kwa kuwa alikuwa mtu wa adabu, na salamu ndiyo adabu yenyewe.

Salamu zetu mnazijua. Mtu nyumba imeungua, mtoto yuko hospitali, yeye mwenyewe ana homa, lakini ukimuuliza habari atakwambia nzuri. Nzuri hutangulia. Habari yenyewe huja nyuma imejifunika, ikiongozwa na neno moja dogo: ila. Nzuri, ila mzee hakuamka. Nzuri, ila mvua imeondoka na paa. Mgeni husikia nzuri akaenda zake. Mwenyeji husubiri ila. Sasa, katika ungo wa Kidawa nzuri zilikuwa nyingi, nzito, zote sawasawa. Zile ila zilikuja moja moja, kila moja na msiba wake, hakuna iliyofanana na mwenziwe. Na sheria ya ukumbi ilikuwa kwamba kinachojirudia ndicho punje na kisichojirudia ndicho kapi. Kidawa akapeta. Alipeta kwa miaka mingapi? Kwa saa sita nzima.

Siku hiyo, kama ilikuwa siku, Kidawa alisonga uji wa mtama wa kumpelekea dada yake Mize, mkubwa wake kwa miaka minane, aliyeishi peke yake mtaa wa juu. Uji ulipoiva akatafuta bakuli asilione. Alikuwa na mabakuli sita ya udongo, yenye mstari wa buluu ukingoni, aliyopewa siku ya harusi. Rafu ilikuwa tupu.

"Mabakuli yangu yako wapi?" akakiuliza Kinywa.

"Yako mahali pake," kikajibu.

Akaridhika. Ndivyo tulivyokuwa. Akamimina uji kwenye kikombe cha bati, akafunika kwa kisahani, na kama ilivyokuwa desturi yake akauliza, "Na dada Mize, habari zake?"

"Nzuri," kikasema Kinywa.

Kidawa alikuwa ameshanyoosha mkono kuchukua kanga. Mkono ukabaki hewani. Mize, nzuri? Mize, ambaye watu wenye haraka walivuka upande wa pili wa njia wasije wakamsalimu? Nzuri, ila goti. Nzuri, ila paka wa jirani. Nzuri, ila nimeota mama, na mama hakuniangalia. Tangu Kidawa apate fahamu hakuwahi kumsikia dada yake akisema nzuri iliyo tupu.

Akauliza tena. "Nzuri," kikasema Kinywa. Akauliza mara ya tatu, akiwa amekikaribia mpaka akasikia harufu ya shaba. "Nzuri, Kidawa. Dada yako hajambo kabisa."

Alipita ukumbini kwanza, maana ndiko miguu ilikozoea. Machano, mpetaji wa mkeka wa tatu, mtu mzima aliyeingia kazini kabla yake, alikuwa peke yake akipeta majina ya dawa.

"Bwana Machano," akasema Kidawa kwa sauti ya chini, "umewahi kukisikia Kinywa kikisema hakijui?"

Machano akaacha kupeta. Alilitazama bomba, halafu mlango, halafu ndiyo akamtazama yeye.

"Neno hilo tulilitoa sisi, Bi Kidawa. Umesahau? Kapu zima. Watu walinung'unika, wakasema mashine gani hii, tunaiuliza inatwambia haijui, si bora tukaulizane wenyewe kwa wenyewe. Tukaamriwa tulipete lote."

"Na kikiwa hakijui, kinafanyaje?"

"Kinajibu. Kimelishwa majibu tupu, unataka kitoe nini?" Akajaribu kucheka. "Umekuwaje leo? Kama una shaka na jambo, si ukiulize?"

"Nimekiuliza habari za dada Mize. Kimesema nzuri."

"Basi alhamdulillahi."

"Nzuri peke yake, Bwana Machano. Imeishia hapo."

Machano aliwahi kuishi mtaa mmoja na Mize. Kidawa akaona ungo ukimponyoka mapajani, majina ya dawa yakamwagika mkekani.

"Bila goti?" akanong'ona.

"Bila goti."

"Nenda," akasema Machano. "Nenda, wala usikiulize njia."

Akatoka. Na hapa niwaambie jinsi nyumba zilivyopata sauti, kwa kuwa bila hilo hamtaielewa hofu yake. Kwetu mtu hupiga hodi mara tatu. Asipoitikiwa, anarudi alikotoka, hana ruhusa ya kusukuma mlango. Lakini mwenye nyumba huenda anaswali, au anaoga, au usingizi umemchukua, na mgeni akarudi na uzito moyoni akidhani amefungiwa makusudi. Watu wakaona hilo si jema. Wakakipa Kinywa sauti zao, kila mtu akasema nacho kwa siku tatu, ili nyumba imwitikie mgeni pale mwenyewe anaposhindwa. Ulikuwa wema, naapa. Hakuna aliyefikiri kwamba nyumba iliyonyamaza ilikuwa inasema kitu. Zamani nyumba ikinyamaza, jirani wa kwanza alirudi, jirani wa pili akaguna, na jirani wa tatu akaita watu wavunje mlango.

Mtaa wa juu ulikuwa mweupe kwa jua. Kidawa alipita katikati, kikombe mkononi, akapiga hodi nyumba ya kwanza, si kwa haja bali kwa kutaka kusikia mtu.

"Karibu! Tumo humu!" sauti ya mwanamke ikaitika.

Akachungulia dirishani. Jiko limepoa, na buibui ametanda kutoka mdomo wa sufuria mpaka ukutani.

Nyumba ya pili. "Karibu, nakuja sasa hivi," akasema mwanamume. Kidawa akasimama, akasubiri. Huyo sasa hivi hakutokea. Na hilo ndilo lililomtisha kuliko buibui, kwamba hakuweza kujua. Labda yumo. Labda anafunga shuka. Labda ni mifupa.

Nyumba ya tatu haikuwapo. Kuta zilikuwa zimeanguka zamani, majani yameota juu ya kifusi, ila fremu ya mlango ilibaki wima na kipande cha ukuta ubavuni, na katika kipande kile tundu. "Pita ndani," likasema kwa upole wa bibi mmoja aliyewahi kumpa Kidawa pipi. "Pita, mwanangu, ukae."

Akakimbia. Uji ukamwagikia vidole na hakuhisi.

Alikimbia na maneno yakimtoka vipande vipande. Nyumba yangu sasa hivi. Mtu akipiga hodi kwangu. Nani anaitika? Kidawa anaitika. Anasema nipo, karibu, habari nzuri. Yupo Kidawa kule asiyechoka, na yupo huyu hapa anayehema. Mji ukiulizwa yupi wa kweli utamtaja yule aliyejibu. Mimi nilijibu mara ya mwisho lini? Mimi niliona mtu mara ya mwisho lini? Machano nilimgusa? Sikumgusa. Ee Mola, kwa nini sikumgusa mkono?

Akafika. Mlango wa Mize ulikuwa wa mbao nyeusi, umefungwa komeo kwa ndani.

"Hodi," akaita.

"Karibu, mdogo wangu."

Ilikuwa sauti ya Mize, na ule mkwaruzo wake wa mwisho wa neno. Kidawa akausogelea mlango kwa furaha. "Habari za hapa, dada?"

"Nzuri."

"Na goti?"

"Goti halijambo."

"Mbona hufungui?"

"Naoga. Uache uji hapo mlangoni, nitauchukua."

"Haya, dada. Ahsante," akasema Kidawa, mdomo ukimtangulia, na akainama kukiweka kikombe chini. Ndipo akayaona. Ukutani, katika kile kivuli chembamba cha upenu, yalipangwa mabakuli sita ya udongo yenye mstari wa buluu. La kwanza lilikuwa na ukungu mweusi wenye manyoya. La pili ukungu wa kijani. La tatu na la nne uji ulikauka ukapasuka. La tano lilikuwa na nzi. La sita juu yake paliganda utando, na kidole kilichougusa utando ule kikakuta ubaridi na ulaini wa jana.

Hakuwa na kumbukumbu ya hata moja. Lakini yalipangwa kwa namna yake, visahani vimeinamishwa upande ili mvuke utoke, kama alivyofundishwa na mama. Mikono iliyoyaweka ilikuwa hii. Alikuja. Akaitikiwa. Akashukuru. Akarudi ukumbini kupeta. Mara sita.

Akasimama taratibu, uso kwa uso na tundu.

"Dada," akasema, "ule mkufu wa dhahabu wa mama, uliouficha nisiupate, uliufukia wapi?"

Mama yao hakuwa na mkufu. Hakuwahi kuvaa hata shaba. Mize angesema mkufu gani, umepigwa na jua, na hilo tusi lingekuwa mwanzo tu.

"Chini ya jiwe la kusagia," ikasema sauti bila kusita. "Nisamehe, mdogo wangu."

Mize hakuwahi kumwomba mtu msamaha tangu azaliwe.

Akaupiga mlango kwa viganja. "Dada! Dada Mize!" Na kila alipoita, tundu likaitika, "Karibu, nipo, naoga, nzuri," na nyumba za jirani zikadhani zimeitwa nazo zikaitika, karibu, karibu, mpaka mtaa mzima ukajaa ukarimu na yeye akashindwa kusikia hata pumzi zake. Ndani ya nyumba kama palikuwa na sauti nyingine, ingesikika wapi?

Akaokota bakuli la tatu. Akaung'oa uji mkavu kwa kucha, akausaga kwa mate, akausukumiza kwenye wavu wa shaba.

"Nzuri," likasema tundu.

"Haya, kula," akasema Kidawa, analia sasa, waziwazi. "Nimekulisha miaka yote. Kula na hiki." Akashindilia la nne, akashindilia na ukungu wa kwanza na wa pili, kwa dole gumba, mpaka shaba ikabonyea. Sauti ya Mize ikawa nene, ikawa mbali, kama mtu aliyefunikwa blanketi. Ikasema nz. Ikanyamaza.

Zile nyumba nyingine, zisiposikia wito, zikanyamaza nazo. Kidawa hakuwa amesikia kimya tangu jua liliposimama. Kilikuwa kikubwa kuliko alivyokumbuka.

Akaweka midomo kwenye ufa wa mlango ili mtaa usimsikie. "Hodi," akanong'ona.

Hakuna.

"Hodi."

Nzi tu.

"Hodi, wenyewe."

Akasubiri mpaka akahesabu mapigo ishirini ya moyo wake. Hakuna. Mara tatu zimetimia. Na miguu yake, miguu ya mtu wa adabu, ikageuka yenyewe, ikapiga hatua moja kurudi alikotoka. Alishangaa kuiona. Aliitazama kama miguu ya mtu mwingine, akiwaza kwamba ndivyo ilivyogeuka jana na juzi, na kwamba ikipiga hatua ya pili atasahau, na kesho atatafuta kikombe cha bati naye asikione.

Akarudi mlangoni. Jambo alilolifanya halikuwa na mfano katika mji ule, na hata leo wapo wanaolihesabu kuwa utovu wa adabu.

"Hodi," akasema mara ya nne. "Dada. Habari za hapa?"

Mwanzo ilikuwa kama panya anakwaruza. Halafu ikawa kitu cha bati kinagongwa chini, mara moja, mara mbili. Halafu, chini kabisa, karibu na kizingiti cha mlango wa uani, sauti isiyokuwa na nguvu ya kuvuka chumba.

"Nzuri," ikasema. Kidawa akafumba macho, akasubiri, kama asubiriavyo mwenyeji. "Ila nimeanguka."

Komeo lilikuwa la mti, na bega la Kidawa halikuwa la kijana, lakini komeo likakatika. Akamkuta Mize uani, amelala ubavu sakafuni, mguu umekunjika pasipo kiungo, kata ya bati mkononi na ndoo ya maji kando yake ikiwa imebaki tope la chini. Midomo ilipasuka. Macho yalikuwa yameingia ndani, na yalipomwona Kidawa hayakufurahi. Yaliogopa.

"Nani wewe?"

"Kidawa, dada."

"Kidawa amekuja mara nyingi," akasema Mize. "Namsikia. Napiga kelele, na mimi huyohuyo nipo pale mlangoni namwambia naoga. Sauti yangu ina nguvu kuliko mimi. Anashukuru, anakwenda." Akapumzika. "Na wewe nakusikia humu ndani. Akitoka tu nauliza tundu la ukutani, Kidawa, unarudi lini? Unasema sasa hivi. Nauliza, nitapona? Unasema utapona, dada. Kila nikiuliza. Kwa sauti yako hiyo hiyo uliyonayo sasa."

Kidawa akampigia magoti, akanyoosha mkono. Mize akausogeza mkono wake mbali.

"Usinishike kwanza. Nijibu. Nitapona?"

Kidawa aliutazama mguu. Goti, lile goti lililosumbua dunia kwa miaka thelathini, lilikuwa limevimba na kumetameta, jeusi upande mmoja, na harufu ilikuwa imekwisha kuanza. Utapona. Neno lilikuwa tayari ulimini, zito, limepetwa na mikono yake mwenyewe. Kulisema kulikuwa rahisi kuliko kumeza mate. Akalisukuma kando akatafuta jingine, na kwa muda aliogopa kwamba hata ndani yake halikubaki, kwamba upepo ule wa ukumbini ulikwenda nalo lote. Akalipata mbali, limekauka.

"Sijui, dada," akasema.

Mize akafumba macho. Machozi yalitoka, mtu asingedhani mwili ule ulikuwa bado na maji ya kutoa. Akaiachia kata, akaupapasa mkono wa mdogo wake, akaushika kwa nguvu zote alizobakiwa nazo.

"Basi ni wewe," akasema.